Shangazi wa Mezani: Kaa Kwanza Kwenye Kiti cha Mpinzani

Barua za mwezi huu zimekuja na moto. Karibu zote zinagusa mahali pamoja: pale habari za dunia zinapokutana na dadu, kadi na kete, na marafiki wakatoka mezani wamenuniana. Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu najua wengi wenu mko kwenye hali hiyo hiyo.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni msimulizi wa kikundi cha watu sita. Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia hadithi ambapo kila mchezaji huigiza mhusika wake, na mkasa wetu umeendelea kwa muda mrefu. Tangu vita vya Ukraine na vya Gaza vitawale habari, wachezaji wangu wawili hawaishi kugombana. Juzi mfalme wa kubuni alivamia jimbo jirani, mmoja akasema, "Huyu si ndiye yule unayemtetea kila siku?" Mwenzake akafunga daftari akaondoka. Waliobaki wanataka nipige marufuku habari za dunia mezani. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Usipige marufuku.

Najua marufuku inavutia. Ni amri moja, inatolewa mara moja, na jioni inayofuata kunakuwa na utulivu. Lakini ugomvi utakuwa umehamia tu kwa wahusika. Mganga wa huyu atachelewa kumtibu askari wa yule. Mpelelezi atagundua mtego na kuwaonya wote isipokuwa mmoja. Nimeziona meza za namna hiyo, na ubaya wake mkubwa ni kwamba hakuna anayeweza kulitaja tatizo, maana kulitaja kumeshakatazwa.

Anza nje ya mchezo. Kabla hamjakutana tena, zungumza na kila mmoja peke yake. Usijitwishe kazi ya kuamua nani ana haki kuhusu vita; hukuitwa kuwa hakimu wa jambo hilo. Muulize kila mmoja swali moja tu: ni nini hasa kilichokuuma? Huenda aliyeondoka ana ndugu kule. Huenda hana, ila amechoka kuitwa mtetezi wa wauaji kila anapouliza swali. Kwa maoni yangu, kosa la jioni ile lilikuwa neno "unayemtetea". Mfalme wa kubuni ni mali ya meza nzima, na mmoja wao amemtumia kumchapa rafiki aliyeketi mbele yake. Aliyelisema anapaswa kuomba radhi kwa neno hilo, hata kama maoni yake kuhusu vita ni sahihi kabisa. Mwambie waziwazi, usimzungushe.

Kisha fanyeni kikao cha makubaliano. Vikundi vingi hukifanya kabla mkasa mrefu haujaanza, lakini hakuna kinachozuia kukifanya katikati ya safari. Ipo mbinu ya mistari na mapazia, iliyoanzishwa na mtunzi wa michezo Ron Edwards. Mstari ni jambo ambalo halitokei kabisa katika hadithi yenu. Pazia ni jambo linaloweza kutokea, lakini halisimuliwi kwa undani. Ipo pia kadi yenye alama ya X, aliyoibuni John Stavropoulos. Inakaa katikati ya meza, na yeyote akiigusa, tukio linabadilishwa au linarukwa, naye hadaiwi maelezo. Hapo kwenye kutodaiwa maelezo ndipo ninapoipendea. Mtu aliyefiwa hapaswi kufungua kidonda chake mbele ya watu watano ili mchezo usonge mbele. Ila ukiona mtu anaigusa kila mara mwenzake anapotoa hoja asiyoipenda, zungumza naye pembeni, maana hapo kadi imegeuzwa rungu.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliamini kuliko yote haya. Wabadilishane viti. Yule anayemchukia mfalme, mpe jioni nzima ya kuwa mshauri wa mfalme huyo. Yule anayeonekana kumtetea, awe mkuu wa mji uliovamiwa. Usiwape hotuba za kusoma; wape mahitaji. Mshauri ana ghala tupu, jenerali asiyesikia amri, na bwana ambaye akirudi nyuma atapinduliwa. Mkuu wa mji ana ukuta uliobomoka upande mmoja, na wazee wanaomsihi ajisalimishe ili watoto wapone. Kisha waache wachague wenyewe.

Maoni ya mtu anayesoma habari hayamgharimu chochote. Akishaketi kwenye kiti, kila chaguo lina gharama yake, na ni gharama hiyo inayomfundisha swali la maana la kumuuliza mwenzake. Usitarajie ageuke. Mara nyingi mtu hutoka na msimamo ule ule alioingia nao, lakini sasa anajua ni wapi msimamo huo unapata taabu, na mtu anayejua hilo hubishana kwa namna nyingine kabisa. Anauliza zaidi. Hamtupii mwenzake majina.

Nina masharti mawili, na nayasema kwa uzito. Usiitumie vita halisi ya leo kwa zoezi hili. Na kamwe usimweke kwenye kiti cha mvamizi mtu aliyepoteza jamaa zake kwa uvamizi. Huo ni ukatili, hata ukifanywa kwa nia njema.

Habari zenyewe zipeni nafasi yake wakati wa mapumziko, simu zikiwa zimewekwa kando. Mtu akisema amesoma kitu, aeleze alichosoma kwa maneno yake mwenyewe. Utashangaa jinsi kelele zinavyopungua.

*Shangazi, napenda sana michezo ya vita ya ubaoni. Siku hizi nikipanga vikosi vyangu naona aibu. Watu wanakufa kweli, nami nasukuma vijeshi vya plastiki huku nacheka. Je, niache?*

Aibu hiyo inakupa heshima, usiifukuze haraka. Lakini pia usiache kabla hujajiuliza unacheza nini.

Michezo ya vita haijawahi kuwa na kusudi moja. Mwaka 1824, afisa wa Prussia, dola la Kijerumani la zamani, aitwaye Reisswitz, akiendeleza kazi ya baba yake, alitoa Kriegsspiel: ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu za kuamua hasara, na mwamuzi. Jeshi likautumia kuwafundisha maafisa wake kupigana vizuri zaidi. Mwaka 1913, mwandishi Mwingereza H. G. Wells akachapisha kanuni za vita vya askari wa kuchezea, naye akasema wazi kwamba vita vya sebuleni vina faida kubwa juu ya vile halisi, kwa kuwa havimuui mtu. Mwaka uliofuata Ulaya ikaingia vitani. Wote wawili walitunga vita vya kuigiza, lakini mmoja alikuwa akiandaa vita na mwingine alikuwa akiisihi dunia iiache.

Kwa hiyo swali langu kwa kila mchezo wa vita ni hili: nani yupo ubaoni, na nani hayupo? Chukua Risk, uliobuniwa na Mfaransa Albert Lamorisse, mtengeneza filamu, na kutolewa mwaka 1957. Unateka bara zima, unapata majeshi ya ziada, zamu inaendelea. Hakuna aliyekuwa akiishi pale. Hakuna mkimbizi anayevuka mpaka. Kuucheza si dhambi. Mimi mwenyewe nimeucheza na nitaucheza tena. Hatari inaanza pale mtu anapoifungua ramani ya habari kwa jicho lile lile, akasema "wachukue tu lile jimbo", kana kwamba jimbo ni rangi.

Ukitaka kusahihisha jicho hilo, cheza This War of Mine. Toleo lake la mezani lilitoka mwaka 2017, na chimbuko lake ni kuzingirwa kwa Sarajevo katika miaka ya 1990. Huna jeshi hata moja. Mna raia wachache ndani ya nyumba iliyoharibika. Mchana mnatengeneza mnachoweza. Usiku mnaamua nani atoke kutafuta dawa, na nani alinde mlango akiwa na njaa. Pale utapata viti ambavyo Risk haina.

Endelea kucheza. Ila vita ya wiki hii iache iwe habari. Kabla ya kufungua boksi, fikiria kwamba mtu aliyekimbia vita hiyo anakuja kuketi nawe. Kama ungelifunika ubao haraka, usiufungue.

*Shangazi, kila mwezi unaingiza siasa. Michezo ni burudani. Tunakuja mezani kuzikimbia habari. Tuachie basi hata sehemu hii moja.*

Ndugu yangu, hamu yako ya kupumzika naielewa na naiheshimu. Kuna jioni ambazo hata mimi sitaki kusikia jina la rais yeyote. Lakini ukiniambia michezo haina siasa, hapo sikubaliani nawe, na nitakuonyesha sababu.

Elizabeth Magie, mwanamke Mmarekani, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1904 kwa mchezo aliouita The Landlord's Game. Alikuwa mfuasi wa Henry George, mwanauchumi aliyetaka thamani ya ardhi itozwe kodi, ili mtu asitajirike kwa kumiliki kiwanja na kungoja tu. Magie akachora ubao wenye viwanja, kodi ya pango na kona ya jela, mchezaji aone kwa macho yake jinsi mmoja anavyonenepa na wengine wanavyofilisika. Baadaye mchezo huo ukawa na kanuni za aina mbili. Kwa aina moja, mmoja huwamaliza wenzake. Kwa nyingine, mali ikizalishwa, wote hunufaika. Ubao haukubadilika hata kidogo!

Watu waliupenda, wakaunakili kwa mkono, wakabadilisha majina ya mitaa. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikautoa kwa jina la Monopoly, ukiuzwa kama uvumbuzi wa Charles Darrow. Kampuni hiyo hiyo ilinunua hataza ya Magie kwa dola 500, bila mgao wowote wa mauzo. Kanuni zilizoenea duniani ni zile za kumalizana. Vizazi vimekua vikizicheza vikidhani hivyo ndivyo mchezo wa mali unavyopaswa kuwa, ilhali mtunzi wake alizitunga kama onyo.

Kila kitabu cha kanuni ni maoni ya mtu kuhusu jinsi dunia inavyokwenda. Wakati mwingine watunzi wanakiri wenyewe. Twilight Struggle, wa mwaka 2005, unawaweka watu wawili kwenye viti vya Marekani na Umoja wa Kisovieti kuanzia 1945 hadi 1989. Nchi moja ikigeuka, jirani yake anakuwa hatarini, kama walivyoamini wakuu wa Marekani wa enzi hizo. Watunzi wake, Ananda Gupta na Jason Matthews, wameeleza kwamba walizichukua imani za Vita Baridi kama kweli ndani ya mchezo, hata zile zilizoonekana baadaye kuwa si kweli. Naupenda mchezo huo kwa sababu hiyo hasa. Unakaa kwenye kiti cha mtu mwenye hofu, unashika kadi ambazo nyingine zinamfaidi adui yako lakini lazima uzitumie, na unaanza kuelewa jinsi watu wenye akili walivyofikia maamuzi mabaya. Kuelewa huko hakukulazimishi kuwasamehe.

Basi kataa kuzungumza habari ukitaka, ni haki yako. Siasa zenyewe utakuwa umeshazishika mkononi.

*Shangazi, nililipia mchezo mtandaoni kabla haujachapishwa. Mwaka 2025 wachapishaji wakaniandikia niongeze pesa kwa sababu ya ushuru wa Marekani. Rafiki yangu anasema wananiibia, kwa kuwa ushuru unalipwa na nchi inayouza, yaani China. Nani mkweli?*

Rafiki yako amekosea, na hapa hakuna haja ya kubadilishana viti. Ushuru wa forodha unalipwa na anayeingiza bidhaa nchini, pale zinapoingia. Mchapishaji wa Marekani akichapisha China, ni yeye au wakala wake anayetoa pesa kwa serikali ya Marekani. Baada ya hapo anaweza kumbembeleza mwenye kiwanda apunguze bei, anaweza kumeza hasara, au anaweza kukugeukia wewe. Wewe ndiye wa mwisho kwenye foleni, ndiyo maana barua imekufikia.

Aprili 2025 Marekani ilipandisha ushuru kwa bidhaa nyingi za China hadi asilimia 145, na katikati ya Mei ukashushwa hadi asilimia 30 kwa muda. Piga hesabu mwenyewe. Boksi lenye thamani ya dola 10 forodhani lilidaiwa dola 14.50 za ushuru, zaidi ya thamani ya boksi lenyewe. Na mchezo uliolipiwa mapema, kama wako, ulikuwa umeshapangiwa bei kabla ushuru haujatajwa. Pesa za wanunuzi zilikuwa zimeshakwenda kwenye michoro, karatasi na uchapishaji. Kampuni kubwa inaweza kusubiri. Kampuni ya watu watatu haina pa kusubiria. Stonemaier Games, wachapishaji wa mchezo wa Wingspan, walijiunga na kesi ya kuupinga ushuru huo mahakamani.

Wapo wanaouliza kwa nini wasichapishe nyumbani. Mchezo mmoja wa kisasa unahitaji kadi, ubao mgumu, vipande vya mbao, plastiki ya kumiminwa kwenye kalibu na boksi la kuvikusanya vyote. Viwanda vya China vimejenga uwezo wa kuvifanya vyote pamoja kwa miaka mingi, na uwezo huo haujengwi kwa tangazo la siku moja. Unaweza kuunga mkono ushuru kwa sababu zako, na zipo hoja za kuheshimiwa za kulinda viwanda. Lakini uunge mkono ukijua nani analipa.

Kuhusu nyongeza uliyoombwa: waombe wakuonyeshe hesabu. Waaminifu huionyesha bila kusita.

*Shangazi, katika mchezo wa Diplomacy rafiki yangu aliniapia kwamba hataingia Galicia, jimbo mojawapo kwenye ubao. Akaingia zamu ile ile. Tangu hapo hata akinieleza maoni yake kuhusu uchaguzi, nashindwa kumwamini. Nimezidisha?*

Umezidisha, lakini naelewa.

Allan Calhamer aliutoa mchezo huo mwaka 1959 bila dadu kabisa. Madola saba ya Ulaya, amri zinaandikwa kwa siri na kufunuliwa kwa pamoja, na hakuna ahadi inayomfunga mtu. Kwa hiyo chombo pekee cha kusonga mbele ni neno la mwenzako, na kila mtu anaketi akijua hivyo. Rafiki yako alivunja ahadi ndani ya uzio ambao nyote mliukubali. Ungekuwa na haki ya kukasirika kama angetumia siri yako ya nje ya mchezo kukushawishi, au kama angesema "naapa kama rafiki yako". Hilo la pili, kama kweli alilitamka, mkalishe umwambie limekuuma.

Halafu jaribu hili: fungueni ubao ule tena, wewe ukae upande wake wa Galicia na usome hali ilivyokuwa. Nadhani utaona kwamba kutoingia kungemwangamiza. Kumbuka pia kwamba wewe, siku ile, uliamini ahadi bila kuangalia vikosi vyake vilikuwa wapi. Viongozi wa nchi nao wakiahidi jambo, angalia vikosi.

*Shangazi, tunacheza Pandemic, mchezo wa kupambana na magonjwa ya mlipuko, na binti yangu wa miaka kumi na mbili. Tuliposhinda akaniuliza: "Mama, mbona wakubwa hawakufanya hivi wakati wa Corona?" Nilikosa la kusema.*

Swali zuri sana la binti yako. Usiliache lipite.

Mweleze kwamba Matt Leacock aliutoa mchezo huo mwaka 2008, kabla ya Corona, na aliutunga wachezaji wote wawe upande mmoja. Mnashinda pamoja mkipata tiba za magonjwa manne, au mnashindwa pamoja. Hakuna anayetajirika kwa kuficha kadi. Hakuna mpaka unaofungwa, hakuna uvumi, na mgonjwa hakatai dawa. Shirika la Afya Duniani lilitamka tarehe 11 Machi 2020 kwamba Corona imekuwa janga la dunia, na kabla mwaka huo haujaisha chanjo za kwanza zilishaidhinishwa. Kwa upande wa sayansi, wakubwa walikwenda mbio kuliko wengi walivyotarajia. Kilichokwama ni kugawana: nchi tajiri ziliagiza dozi nyingi mapema, nyingine zikangoja. Hapo binti yako ana haki ya kukasirika, usimtulize.

Kisha mwambie atunge kanuni mpya. Kila mchezaji awe na mji wake wa nyumbani, na akiuacha uambukizwe, wakazi wake wanamfukuza kazini na anapoteza zamu. Chezeni hivyo, yeye akiwa na mji uliojaa vipande vya ugonjwa na wewe ukiwa na kadi anayoihitaji. Mwache aamue kama atakulaumu ukimnyima. Ningependa sana kujua mlichobishania, kwa hiyo akiwa tayari aniandikie mwenyewe.